Mbuta wa Jirani Yako

Neno la msingi: Luka 5:1–11, na Yohana 21:1–22

Kwa wale ambao hamkuwa ibadani Jumapili iliyopita, hapa Lodwar na kule Kakuma, hili ndilo neno lililohubiriwa. Nimelifupisha kidogo lipate kuenea kwenye kurasa hizi, kwa hiyo usome Biblia ikiwa wazi kando yako.

Ukiondoka hapa mjini alfajiri ukashika barabara ya Kalokol, kama kilomita 60 hivi, utafika ziwani wakati boti zinarudi. Siku nyingi ni samaki wa kawaida, ngege na wenzake. Lakini kuna siku moja moja boti inaingia imezama kupita kawaida, na mkia umetokeza nje. Mbuta. Si wale wa kilo mbili tatu wa kuuzwa kwenye beseni. Ni yule ambaye vijana wawili wanampitisha mti mashavuni, wanamweka mabegani, na bado mkia unaburuta mchangani.

Mbuta, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sangara, ni mwenyeji wa ziwa hili tangu zamani. Ziwa Victoria aliletwa tu, miaka ya 1950 na 1960. (Ndugu zetu wa Kisumu wakijisifia mbuta, waambieni kwa upendo kwamba mwenyewe yuko huku.) Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Yule anayeshikilia rekodi ya dunia kwa waliovuliwa kwa ndoano na mshipi alikuwa na kilo 104, alitolewa Ziwa Nasser kule Misri, Desemba 2000.

Sasa mwache samaki kidogo, uwaangalie watu waliosimama ufuoni.

Wa kwanza anauliza, "Kilo ngapi?" Huyo hana neno, sote tungeuliza. Wa pili anakunja uso: "Huyo mnamwita mkubwa? Hamkumwona yule wa mwaka ule." Kila ufuo una mzee wa samaki wa mwaka ule, na samaki wa mwaka ule huongezeka kilo kila anapotajwa. Wa tatu anataka kujua wavu ni wa nani, boti ni ya nani, na mbona walienda upande ule ilhali jana walisema kuna upepo. Wa nne ametoa simu, amepigwa picha akishika mkia, na kufikia jioni watu wa Lodwar watakuwa wanampongeza yeye. Halafu kuna mmoja asiyesema kitu. Amesimama na beseni yake tupu, anatabasamu kwa meno tu. Usiku mzima naye alikuwa majini. Nyavu zake ziko pale pale mchangani, zimetoka na majani.

Huyo wa mwisho ndiye niliyetumwa kwake leo.

Luka anatuonyesha boti mbili kando ya ziwa la Genesareti. Wenyewe wameshuka, wanaosha nyavu. Weka alama hapo: boti ni mbili, wote wamekesha, wote hawakupata kitu. Yesu akaingia katika moja, nayo ilikuwa ya Simoni. Kwa nini hiyo? Hatuambiwi. Haisemwi kwamba Simoni alikuwa amefunga na kuomba kuliko wenzake. Haisemwi kwamba boti ile nyingine ilikuwa na dhambi ndani yake. Mungu aliingia katika boti moja, na nyingine ikabaki pale pale, na wenyewe wakaendelea kuosha nyavu.

Hebu jiweke mahali pa Yakobo mwana wa Zebedayo. Mwenzako amekalisha mhubiri kwenye boti yake, umati wote unatazama upande wake. Mahubiri yakiisha, anaambiwa arudi kilindini. Mchana! Mvuvi yeyote wa Long'ech atakuambia wavu hutegwa usiku, maana mchana samaki anauona. Labda Yakobo alicheka kidogo. Mimi ningecheka. Halafu akainua macho akaona mikono inapungwa kutoka kule majini. Simoni na watu wake wanaita. Wavu umejaa mpaka unaanza kuchanika.

Pale ndipo kwenye mtihani. Mtihani wa Simoni ulikuwa kushusha wavu bila kuelewa. Mtihani wa Yakobo na Yohana ulikuwa mgumu zaidi kwa maoni yangu: kuinuka na mikono mitupu, umechoka, hujalala, kwenda kuvuta baraka ambayo haikuingia kwako.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye utumishi, kwa hiyo mtanivumilia, lazima nipige hesabu. Biblia inasema hawa walikuwa washirika. Yakobo angekaa ufuoni akasema "acha tuone atamaliza vipi," wavu ungechanika, samaki wangerudi majini, na huenda boti ya Simoni ingezama. Nani angepata hasara? Wote. Ushirika wao ungefilisika siku ambayo Mungu aliwafanyia muujiza. Lakini walienda. Na boti zote mbili zikajaa karibu kuzama. Samaki waliojaza ile boti ya pili hawakutoka kwenye wavu wa Yakobo.

Hapo nina tahadhari. Kuna mafundisho siku hizi yanayosema, "Shangilia upenyo wa mwenzako, wako uko njiani," kama vile kushangilia ni tiketi ya foleni. Sikubaliani nayo sana. Hiyo bado ni hesabu ya beseni yako. Yakobo alipoingia kwenye boti yake hakuahidiwa mgao wowote. Aliona wavu wa rafiki yake unachanika, akaenda. Kama samaki wangekuwa wa Simoni peke yake mpaka wa mwisho, bado ingefaa aende.

Na Simoni mwenyewe? Samaki wamejaa hadi magotini, naye anapiga magoti katikati yao, anamwambia Yesu hastahili hata kuwa karibu naye. Hakushika mkia apigwe picha. Alijua kabisa kwamba ile boti haikuchaguliwa kwa sababu ya ubora wa mwenye boti.

Wacha niwapeleke mbali kidogo. Kuna samaki anayeitwa bass. Hapa Kenya yuko Naivasha, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Wamarekani wanamtafuta huyu kama sisi tunavyotafuta mvua. Tarehe 2 Juni 1932, kijana mkulima wa miaka 20 huko Georgia, George Perry, alimvua bass wa ratili 22 na aunsi 4. Hiyo ni kilo kama 10. Najua, watoto wa Long'ech mnacheka, kilo 10 kwenu ni mtoto wa mbuta. Lakini kwa bass, rekodi ile bado imesimama. Mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita alimtoa mwingine katika Ziwa Biwa, akamzidi kwa chini ya aunsi moja. Sheria yao inataka uzidi kwa aunsi 2, kwa hiyo baada ya miaka 77 ikawa sare. Na kabla ya kukubaliwa, Kurita alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo. Ukipata kikubwa, watu watataka kukupima.

Perry hakumkausha samaki wake amtundike ukutani. Ulikuwa wakati wa ukosefu wa kazi na njaa Marekani. Alimpima dukani, akampeleka nyumbani, familia ikamla. Ila mimi namfikiria zaidi mtu mwingine. Ndani ya ile boti alikuwemo rafiki yake, Jack Page. Inasimuliwa kwamba siku ile walikuwa na fimbo moja tu ya kuvulia, wakipokezana. Ilikuwa zamu ya Perry. Dakika chache mbele au nyuma, jina lililoandikwa kwenye vitabu lingekuwa Page. Boti ile ile, asubuhi ile ile, chambo kile kile. Sasa wewe mwambie Page kwamba Perry aliomba zaidi!

Kuna dada yetu kwenye hii ibada ambaye alijaza fomu ya kazi pamoja na rafiki yake, meza moja, kalamu moja wakiazimana. Rafiki akaitwa. Yeye hakuitwa. Kuna kaka wawili walioanza kuuza samaki wa kukausha siku moja, mmoja sasa ana lori linaloenda Kitale mpaka Busia, mwingine bado anapima kwa debe. Mnajijua. Sitawataja.

Lakini tusiende haraka, maana neno hili linaweza kutumiwa vibaya. Kuna wakati mtu analalamika na huo si wivu. Mwaka 2006, tarehe 20 Machi, huko California, bwana mmoja Mac Weakley alimtoa bass katika Ziwa Dixon. Mizani ya mkononi ikasoma ratili 25 na aunsi 1. Rekodi ya Perry ilikuwa imeanguka, mbele ya macho yake! Ila ndoano haikuingia mdomoni mwa samaki. Ilimnasa mwilini. Weakley akamrudisha majini, na baadaye akasema hatadai rekodi. Wapendwa, yule ni mtu aliyeishika ndoto yake mikononi akaiachilia kwa sababu ya njia iliyompatia. Kwa hiyo mzee akiuliza basari ya kijiji iligawanywa vipi, au mama akiuliza tenda ilipatikana kwa njia gani, usimfungie kinywa kwa kumwambia ana roho ya wivu. Ndoano ilimnasa wapi? Hilo ni swali halali kanisani. Aliyevua kwa haki halimsumbui.

Sasa twende Kakuma, ambako neno hili lilinikaba kooni kulihubiri.

Kambi ile ilianza mwaka 1992. Kuna washirika wetu waliofika hapo wakiwa wachanga na leo wana watoto wao. Mbuta wa Kakuma ni simu. Simu inayosema njoo kwa mahojiano, kesi yako imesogea. Mtu amengoja miaka kumi, kumi na tano. Na tangu Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, simu hizo zimekuwa adimu, na zile chache zinazolia zinasikika block nzima hata kama mwenye simu ameinyamazisha.

Kulikuwa na mama mmoja katika kikundi cha maombi. Aliomba na wenzake miaka mingi, wakati wa homa, wakati wa misiba, wakati mgao ulipopunguzwa. Simu yake ikaja. Hakumwambia mtu. Aliuza godoro usiku, akagawa masufuria kwa visingizio, na wenzake waligundua kutoka kwa watoto asubuhi ya basi. Wakaja kwangu wakilia. "Pastor, alituona sisi ni wachawi?"

Nimeomba sana juu ya swali lile. Ndiyo, aliogopa jicho la watu, aliogopa kesi isirogwe. Lakini tujiulize vizuri alijifunza wapi woga ule. Alikuwa amekaa nasi akisikia tunavyowazungumza waliomtangulia. Huyu alihonga. Yule alijifanya mjane. Mwingine alibadilisha umri wa watoto. Alikaa akasikia yote hayo, kwenye mikeka yetu ya maombi, kati ya ameni na ameni. Siku simu ilipolia, alijua kabisa tutakachosema akishaondoka. Simoni alipunga mkono kwa sababu alijua walioko ufuoni watakuja. Mama yule hakupunga.

Na lawama si yetu ya ufuoni peke yetu. Wewe uliyebarikiwa, nawe una kazi. Kama Simoni angeficha, angesema "niwavute polepole mwenyewe wasione," angepoteza wavu na samaki. Kuna baraka ambazo Mungu amezifanya kubwa makusudi, zisitoshe boti moja. Ukizificha zinachanika mikononi mwako.

Hata sisi wenyeji na wageni tunafanyiana hivyo. Mturkana anapita kando ya kambi anasema, hawa ndio wenye mbuta: shule yao, zahanati yao, mashirika yao. Mkimbizi anamtazama Mturkana anasema, huyu ndiye mwenye mbuta: ana kitambulisho, anapanda basi hadi Nairobi bila kuomba karatasi ya ruhusa. Kila mmoja anaona mkia wa samaki wa mwenzake. Lakini nenda sokoni Kakuma siku samaki wa chumvi wa ziwa letu wanapofika. Aliyevua ni Mturkana, na mama Mkongomani anamwita makayabu na anajua kumpika kuliko sisi sote. Boti mbili, wapendwa.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenyeji wa Kalokol mnalijua lile jengo la kugandisha samaki, lililojengwa kwa msaada wa Wanorwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Samaki walikuwa wengi kweli katika ghuba ya Ferguson. Watu wa pwani nyingine za ziwa waliitazama Kalokol kwa macho mekundu. Kumbe gharama ya kugandisha ilizidi bei ya samaki, na muda mfupi baadaye maji yenyewe yakarudi nyuma, ghuba ikakauka. Mwaka 1990 hata uhusiano wa Kenya na Norwe ulivunjika, kwa sababu nyingine. Unachomwonea mwenzako huenda ni msimu mmoja tu, na bili ya umeme hujaiona.

Matatu zetu zina maandishi, "Mwenye wivu ajinyonge." Inachekesha ukiwa ndani ya gari. Kanisani hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu mwenye wivu ni ndugu yetu, amekesha usiku mzima na nyavu zake ni tupu. Kumwambia ajinyonge ni kumwacha ufuoni.

Fungua sasa Yohana 21. Miaka imepita, Yesu amefufuka, na Petro amerudi kuvua. Usiku mzima tena, hakuna kitu tena. Asubuhi sauti kutoka ufuoni, wavu unashushwa upande wa kulia, wanajaa samaki wakubwa 153. Safari hii wavu haukuchanika. (Kuna mtu alikaa akahesabu mpaka 153. Kila kikundi kina mhasibu wake, Bwana asifiwe.) Wanafika nchi kavu, Yesu ana moto wa makaa, na samaki tayari wako juu yake kabla ya wao kuleta wao. Wanakula. Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, anarudishiwa utumishi wake, anaambiwa hata kifo atakachokufa.

Na baada ya hayo yote, samaki 153, msamaha, utumishi, Petro anageuka nyuma, anamwona Yohana anawafuata, anauliza habari zake: na yeye itakuwaje?

Petro huyu huyu! Yohana ndiye aliyekuja kumsaidia kuvuta wavu siku ile ya kwanza. Sasa Petro ndiye ameshiba na bado anapima fungu la mwenzake. Kwa hiyo usidhani ukipata mbuta wako wivu utaisha wenyewe. Yesu alimjibu kwa ukali wa upendo: hata nikitaka huyo abaki mpaka nitakapokuja, hilo si lako, wewe nifuate. Hakumweleza mpango wa Yohana. Hakumwambia fungu lako ni bora kuliko lake, wala ni dogo. Alimpa barabara yake tu.

Jumatano hii saa kumi na moja jioni tutakuwa na ibada ya ushuhuda, Lodwar kanisani na Kakuma chini ya mti kama kawaida. Kama una habari njema uliyoificha, kazi, simu, mtoto aliyepita mtihani, njoo uiseme. Wazee wamekubaliana kwamba atakayemsema mtu vibaya baada ya ushuhuda ataitwa na kuongea nao. Na kama ushuhuda wa mwenzako unakuuma, njoo pia. Usikae nyuma. Baada ya ibada nitabaki na yeyote anayetaka kuomba juu ya hilo, na hatutaandika jina la mtu.